Njia ya Mshipa: Betri ya Moyo Huwekwa bila Kufungua Kifua

Mwezi huu tumeona vyema tuzungumze juu ya jambo linalowatisha wengi, nalo ni betri ya moyo. Daktari akisema kwamba mgonjwa anahitaji betri, mara nyingi jamaa waliosimama kando ya kitanda husikia neno moja tu: kupasuliwa moyo. Wapo wanaomrudisha mzee wao nyumbani siku ile ile. Wapo wanaosema, "Tupeni vidonge kwanza, tutarudi baada ya mavuno." Na katika nyumba nyingi, wazee na mashemeji wakishamaliza kusema, mume humgeukia mkewe usiku na kumwuliza, "Mama nanihii, wewe unaonaje?" Kwa sababu ya swali hilo tunawaandikia ninyi.

Tunataka mlishike neno hili tangu mwanzo: kwa watu wazima walio wengi, kifua hakifunguliwi wala moyo haukatwi. Waya wa betri huingia kwa njia ya mshipa wa damu, hufuata mkondo wa damu inayorudi moyoni, hata ukafika mahali pake. Kazi hiyo ina hatari zake, nasi hatutazificha. Lakini kuikataa kwa kuogopa kisu ambacho hakitatumika ni hasara kubwa.

Moyo unaochelewa

Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini. Katika chumba cha juu cha kulia kipo kituo kidogo kinachotoa umeme hafifu. Umeme huo hushuka kwa njia maalumu mpaka vyumba vya chini, navyo vikajikaza na kusukuma damu. Kwa mtu mzima aliyepumzika, jambo hili hutendeka mara 60 hadi 100 kwa dakika.

Uzee, maradhi ya moyo, au upasuaji wa vali huweza kukiharibu kituo hicho au kuikata njia ya umeme. Hapo mapigo hushuka mpaka 40, 30, au hata chini zaidi. Mgonjwa huchoka kwa kazi ndogo, huona kizunguzungu, na wakati mwingine huanguka ghafla na kuzimia. Baadhi yao hutetemeka kidogo wanapozimia, kwa hiyo watu hudhani ni kifafa au pepo. Sisi tunaotembelea wagonjwa majumbani tumekutana na wazee waliotumia dawa za kifafa muda mrefu, na hakuna aliyewahi kuwashika mkono akahesabu mapigo yao.

Si kila mapigo ya polepole yanataka betri. Zipo dawa za shinikizo la damu na za moyo ambazo hupunguza mapigo, na ugonjwa wa tezi ya shingo pia huweza kufanya hivyo. Mtu mwenye mazoezi mengi huweza kuwa na mapigo 50 naye ni mzima kabisa. Ndiyo maana daktari hupima umeme wa moyo, yaani kipimo cha ECG, na hutazama dawa zote anazotumia mgonjwa. Lakini ikithibitika kwamba njia ya umeme imekatika na haitapona, hakuna kidonge cha kuishika kazi hiyo mwaka hadi mwaka. Mtu wa namna hiyo huweza kufa ghafla.

Mke mmoja wa Sweden na muuguzi mmoja wa Ujerumani

Betri ya kwanza kuzikwa mwilini iliwekwa tarehe 8 Oktoba 1958, katika hospitali ya Karolinska huko Stockholm. Mgonjwa aliitwa Arne Larsson, mwenye umri wa miaka 43, na alikuwa akizimia mara nyingi kila siku. Mkewe, Else-Marie, hakukubali kukaa akingoja kifo. Alimwendea Dkt. Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist, akawasihi mara kwa mara mpaka wakatengeneza chombo ambacho hakijapata kuwekwa ndani ya mtu. Kile cha kwanza kilifanya kazi saa chache tu, wakaweka cha pili. Baadaye Larsson alibadilishiwa betri zaidi ya mara 20, akaishi hadi mwaka 2001, akafa akiwa na miaka 86.

Lakini kwa Larsson ilibidi kifua kifunguliwe, nyaya zikashonwa juu ya moyo wenyewe. Njia ya mshipa ilikuwa imekwisha kuonyeshwa miaka mingi kabla. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde nchini Ujerumani, daktari kijana aitwaye Werner Forssmann alitaka kujua kama mrija huweza kupitishwa mkononi mpaka moyoni bila kumwua mtu. Wakubwa wake walikataa. Alihitaji vyombo, na mwenye ufunguo wa vyombo alikuwa muuguzi, Gerda Ditzen. Muuguzi huyo alikubali kumpa, tena akajitoa afanyiwe yeye. Forssmann akamfunga mezani kana kwamba ataanza, kumbe amejichoma ganzi mkononi mwake mwenyewe. Alipitisha katheta laini ya njia ya mkojo, yenye urefu wa sentimita 65, ndani ya mshipa wake, kisha wakashuka pamoja hadi chumba cha eksirei. Picha ilionyesha ncha ya mrija imo moyoni, naye amesimama wima. Mwaka 1956 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na madaktari wengine wawili.

Katheta, basi, ni mrija tu. Wengi wetu tunaifahamu ile ya mkojo. Ile ya moyo ni ndugu yake, isipokuwa ni nyembamba na imekunjwa kwa ufundi zaidi.

Mwaka ule ule wa 1958, Dkt. Seymour Furman wa Bronx, New York, alipitisha waya wa umeme kwa njia ya mshipa mpaka chumba cha chini cha kulia cha moyo. Mashine yenyewe ilikuwa nje ya mwili, nayo ilichomekwa kwenye umeme wa ukutani. Katika miaka ya 1960 mambo hayo mawili yaliunganishwa: betri chini ya ngozi, na waya kupitia mshipani. Utaratibu huo ndio unaotumika mpaka leo.

Ndani ya chumba cha kazi

Sasa tuingie pamoja katika chumba chenye mashine ya eksirei, tuone hatua kwa hatua.

1. Mgonjwa hulala chali akiwa macho. Hupewa dawa ya kumtuliza na sindano ya kuzuia vijidudu. Ngozi husafishwa vizuri, kisha huchomwa ganzi chini ya mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto. Daktari hukata ngozi sentimita chache tu na kutengeneza mfuko mdogo wa kuweka betri.

2. Kisha hutafutwa mlango wa mshipa. Iko milango mitatu. Wa kwanza ni mshipa mdogo upitao kwenye bonde kati ya bega na kifua. Daktari huufunua na kuutoboa akiuona kwa macho, kwa hiyo sindano haielekei kwenye pafu. Wa pili ni mshipa mkubwa wa kwapani, ambao huchomwa nje ya mbavu. Wa tatu ni mshipa uleule unapopita chini ya mtulinga. Huo ni rahisi kuupata, lakini uko karibu na pafu, tena waya ukipita mahali pembamba kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza huweza kusagika baada ya miaka. Ndiyo sababu madaktari wengi hupenda milango miwili ya kwanza.

3. Sindano ikiingia mshipani, uzi laini wa chuma hupitishwa ndani yake, kisha sindano hutolewa. Juu ya uzi huo huteremshwa mrija mfupi wa plastiki, mfano wa ala ya kisu. Mbinu hii ya sindano, uzi na mrija ilitolewa na Dkt. Sven-Ivar Seldinger wa Sweden mwaka 1953. Uzi ukitolewa, ala hubaki kuwa mlango, na waya wa betri hupita humo. Waya ukishaingia, ala huchanwa pande mbili kama ganda la ndizi na kuondolewa.

4. Waya wa betri ni laini mno, hauwezi kwenda wenyewe. Kila mama aliyepitisha lastiki kwenye pindo la sketi anajua kwamba lastiki haiendi bila pini. Hapa pini ni kijiwaya kigumu cha chuma kinachopita katikati ya ule waya laini. Kikinyooka, waya hunyooka. Daktari akikitoa na kukikunja kwa vidole, kisha akakirudisha, waya nao hujikunja. Kwa ufundi huo huuongoza kutoka chumba cha juu, kupita katika vali, mpaka chumba cha chini, huku akitazama picha ya eksirei.

5. Ncha ya waya lazima ishike. Nyaya nyingine zina vikucha vidogo kama vya nanga, ambavyo hunasa katika nyuzi za nyama ya moyo. Nyingine zina skrubu ndogo ambayo huzungushwa ikaingia ukutani.

6. Ndipo vipimo hufanywa. Je, moyo unaitika kwa umeme mdogo? Je, betri inasikia mapigo ya moyo wenyewe? Mgonjwa huambiwa avute pumzi na kukohoa, ili ionekane kama waya umetulia. Huachwa ukiwa na ulegevu kidogo, usije ukavutika mtu anaponyoosha mkono. Mwisho waya hufungwa kwenye msuli, huunganishwa na betri, na ngozi hushonwa. Mara nyingi kazi yote huchukua saa moja au mbili.

Mirija mipya yenye kona

Katika miaka ya karibuni katheta imepewa kazi kubwa zaidi. Wapo wagonjwa ambao moyo wao umedhoofika na pande zake mbili hazipigi pamoja. Hao huhitaji waya wa upande wa kushoto pia. Kuingia ndani ya chumba cha kushoto ni hatari, kwa kuwa damu ikiganda huko huweza kwenda ubongoni na kuleta kiharusi. Basi daktari hutumia mrija mrefu wenye kona, huuelekeza kwenye mdomo wa mshipa mkubwa wa moyo wenyewe, ambao humwaga damu katika chumba cha juu cha kulia. Huingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei ili matawi ya mshipa yajulikane, kisha hupitisha waya katika tawi lililo juu ya upande wa kushoto. Hivyo upande huo hupata umeme kutoka nje ya ukuta wake.

Mbinu nyingine mpya ni kuutia umeme katika njia ile ile ya asili. Mwaka 2000 Dkt. Deshmukh na wenzake nchini Marekani walieleza jinsi ya kuweka waya kwenye shina la njia hiyo. Mwaka 2017 Dkt. Huang na wenzake wa Wenzhou, China, walieleza jinsi ya kuupenyeza waya ndani ya ukuta unaotenga vyumba vya chini, mpaka karibu na tawi la kushoto. Hapa mrija wenye kona ndio mwongozo. Huushika waya mwembamba uukabili ukuta wima, wakati daktari anauzungusha uingie kama skrubu. Faida yake ni kwamba moyo hupiga karibu na desturi yake. Kazi ikiisha, mrija huchanwa kwa kisu kidogo maalumu na kuvutwa, waya ukibaki mahali pake.

Tena ipo betri isiyo na waya kabisa. Ni ndogo mfano wa kidonge kikubwa, hupelekwa kwa katheta kupitia mshipa wa juu ya paja, na kuachwa ndani ya chumba cha chini cha kulia. Marekani iliruhusu ya kwanza itumike mwaka 2016. Haiwafai wagonjwa wote, na bei yake ni kubwa.

Hapa kwetu Afrika Mashariki betri za waya zinawekwa. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, hufanya kazi hiyo, na mjini Nairobi zipo hospitali zinazofanya pia.

Hatari ambazo familia iambiwe

Mwenye kutia sahihi ana haki ya kuzijua. Sindano huweza kugusa pafu na hewa ikavuja kifuani. Damu huweza kujaa katika ule mfuko. Ncha ya waya huweza kung'oka, hasa katika wiki za kwanza, na hapo mgonjwa hurudishwa chumbani waya upangwe upya. Mara chache waya hutoboa ukuta wa moyo. Vijidudu huweza kuingia, jambo linalowapata wagonjwa 1 au 2 hivi kati ya 100. Hilo la mwisho ndilo tunaloliogopa zaidi, maana vijidudu vikishaushika waya, dawa peke yake haitoshi. Kwa kawaida vyombo vyote huondolewa.

Muulizeni daktari maswali haya bila aibu: Waya ni mmoja, miwili au mitatu? Utapita mlango gani? Betri itadumu miaka mingapi? Gharama ni kiasi gani, na bima italipa sehemu gani? Mkishindwa gharama, ombeni kuonana na ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kumtorosha mgonjwa.

Kazi ya nyumbani: wiki sita

Daktari akimaliza kazi yake, ya mama huanza. Nyama ya moyo huhitaji muda ili iushike waya. Kwa wiki 4 hadi 6, kama mtakavyoelekezwa, kiwiko cha upande wa betri kisipande juu ya bega. Maana yake hakuna kujitwika ndoo, kutwanga, kulima, kuanika nguo kwenye kamba ya juu, wala kumrusha mtoto mgongoni na kumfunga mbeleko. Mwambieni pia mkwe anayekuja kumsalimu mama, asimvute kwa mkono ule anapomsaidia kuinuka. Lakini mkono usifungwe muda wote, kwa sababu bega hukauka. Autumie kwa kazi nyepesi za chini ya bega.

Kidonda kikae kikavu mpaka mruhusiwe kukiosha. Msipake majivu, mafuta wala dawa ya majani. Sidiria isisugue mahali pale, na mkoba uvaliwe bega la pili. Mgonjwa asiichezee betri kwa vidole, maana ikizunguka mfukoni waya hujiviringisha na kuvutika.

Rudini hospitali upesi mkiona wekundu, uvimbe unaozidi, usaha au homa, au kizunguzungu na kuzimia vikirudi, au kwikwi isiyokoma. Kwikwi ya namna hiyo huweza kuwa dalili kwamba waya umesogea na unaushtua msuli wa kupumulia. Homa isiyoelezeka hata baada ya mwaka mzima isiitwe malaria kwa kukisia. Mtajieni tabibu kwamba mgonjwa ana betri.

Mnayotuuliza mara kwa mara

Je, mwanamke mwenye betri huweza kuzaa? Ndiyo, wengi wamezaa salama. Ahudhurie kliniki mapema na azalie hospitali. Kunyonyesha hakudhuriwi na betri.

Je, simu ni hatari? Aiweke mbali na betri angalau sentimita 15, aisikilize kwa sikio la upande wa pili, wala asiitie katika mfuko wa blauzi. Spika kubwa zenye sumaku asizikumbatie. Redio, pasi na jiko la umeme havina neno vikiwa vizima.

Je, watoto wadogo nao huwekwa kwa njia ya mshipa? Mara nyingi hapana. Mishipa yao ni myembamba nao bado wanakua, kwa hiyo waya hushonwa juu ya moyo kwa upasuaji.

Je, betri ikiisha, waya hutolewa? Betri nyingi hudumu miaka kati ya 8 na 12 hivi. Ikikaribia kwisha hubadilishwa betri peke yake, na waya ukiwa mzima huachwa. Kwa hiyo tarehe za kliniki zisikosekane, na kadi ya betri itembee na mwenyewe siku zote.

Kabla ya kuweka gazeti hili chini, mshikeni mkono mzee aliye nyumbani mwenu. Wekeni vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, mhesabu dakika nzima kwa saa. Mkipata chini ya 50, naye hulalamika kizunguzungu au amewahi kuanguka, mpelekeni akapimwe umeme wa moyo wiki hii. Na mkiulizwa usiku, "Wewe unaonaje?" mtakuwa na la kumjibu.